Shajara ya mradi: dakika 200 za aljebra kwa wiki, Gredi ya 7, Lamu

Hali ya kuanzia

Vipindi 5 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Wanafunzi 36 katika chumba kimoja. Mada ni tatu: semi za aljebra, milinganyo ya kisichojulikana kimoja, kisha alama za "zaidi ya" na "chini ya". Mtaala wa Umilisi wa shule za Kenya unataka mtoto agundue, ratiba nayo inataka mwalimu amalize. Mradi huu hauamui nani ana haki kati ya hao wawili. Unapima jambo dogo zaidi: dakika za ugunduzi ziwekwe wapi, na zikatwe wapi.

Kwenye karatasi dakika ni 200. Darasani si hizo. Wanaovuka kutoka Mokowe, upande wa bara, hufika boti ikifika, na boti haing'oi mpaka ijae. Kwa hiyo dakika 5 za mwanzo za kipindi cha kwanza haziwekwi jambo ambalo aliyechelewa atalihitaji baadaye. Wiki ya Maulidi, Mfungo Sita, mji unajaa wageni na mada mpya haianzwi. Ni wiki ya marudio. Ramadhani ikiangukia ndani ya muhula, vipindi vya kugundua vinahamia asubuhi, na mchana unaachiwa mazoezi ya kawaida.

Wiki ya 0: vifaa

Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 (sentimita 244 kwa 122), unene milimita 6. Ikikatwa sentimita 60 kwa 40 inatoa vibao 12 kamili, vinne kwa urefu na vitatu kwa upana. Ziada ya sentimita 4 na sentimita 2 inaliwa na msumeno. Vikundi vya watatu watatu ni 12, kwa hiyo kila kikundi kina kibao chake.

Piga msasa kwanza, kisha rangi nyeusi ya ubao mara mbili, na siku nzima ipite kati ya mpako na mpako. Wakati wa kusi hewa ya bahari ina unyevu mwingi. Tuliharakisha vibao viwili, na chaki inateleza juu yake kama kwenye kioo. Vimepigwa msasa upya. Chaki zikae kwenye kopo lenye kifuniko.

Chaki ni moja kwa kila kikundi, si tatu. Ikiwa moja, wawili wasioandika hawana budi kusema, na maneno yao ndiyo tunayotaka kuyasikia. Vikundi vya watano vilijaribiwa siku moja tu vikaachwa: wawili wanafanya kazi, watatu wanatazama dirishani.

Vijiti: chelewa za ufagio wa makuti zilizokatwa sentimita 6. Tumia nusu nene tu, ncha inapinda na mchoro unaharibika. Kila kikundi kinapewa 16, jumla 192, na vya akiba 8. Ufagio mmoja unatosha. Kwa nini 16 na si 31, tazama wiki ya 2.

Wiki ya 1: cha kuambiwa na cha kugundua

Mgao wa kipindi tulioanza nao ni huu: dakika 5 swali la kuingilia, 3 kueleza kazi, 8 vikundi, 5 kulinganisha vibao, 7 maelezo ya mwalimu, 10 zoezi la mtu mmoja mmoja, 2 kijikaratasi cha kutokea, ambacho mwanafunzi hujibu kabla ya kutoka. Jumla 40. Ugunduzi wenyewe una dakika 13, yaani 8 na 5. Anayeona ni kidogo na ajaribu dakika 20 aone zoezi linavyobebwa nyumbani, na nyumbani wako ambao hawana wa kuwasaidia.

Kosa la kwanza la mipango mingi ya ugunduzi ni kudhani kila kitu kinagundulika. Kwamba tunaandika 3x na si x3, hakuna akili duniani itakayoligundua; ni makubaliano ya watu. Daftari la maandalizi limechorwa mstari katikati. Kushoto ni vya kuambiwa: namba hutangulia herufi, alama ya kuzidisha huachwa, 1x huandikwa x, mabano hutumikaje, na maneno ya Kiingereza yatakayokuja kwenye mtihani. Kulia ni vya kugundua: kwa nini semi mbili zilizoandikwa tofauti zinatoa jibu lilelile, nini hutokea kwa alama iliyo mbele ya mabano, kwa nini pande mbili za mlinganyo lazima zitendewe sawa.

Vya kushoto havipewi swali la "mnadhani ni nini?". Husemwa, huandikwa, hufanyiwa mifano mitatu, basi. Dakika 4. Kumwuliza mtoto akisie makubaliano ni kumchezesha bahati nasibu.

Herufi yenyewe ni ya kushoto pia, lakini hapa Lamu ina njia ya mkato nzuri. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, hakutumia x wala y. Aliandika kwa maneno matupu, na kile kisichojulikana alikiita *shai*, kitu. Watoto waliosoma madrasa wanalijua neno hilo tayari. Dakika 1, na swali la "x ni nini, mwalimu?" halirudi tena.

Jambo moja la lugha limekula dakika nyingi kuliko tulivyopanga. "Toa 5 kwenye x" huandikwa 5 − x na wengi, kwa sababu wanaandika kwa mpangilio wanaousikia. Mtihani ulioandikwa kwa Kiingereza una mtego uleule. Dawa iliyofaa ni "kasoro". Mtoto aliyezoea kusema saa tatu kasorobo anajua bila kufundishwa kwamba kizima hutajwa kwanza na pungufu baadaye. Ukisema "x kasoro 5" anaandika x − 5 pasipo kusita. Kisha weka sentensi mbili juu na chini, "x kasoro 5" na "toa 5 kwenye x", na waandike zote mbili.

Wiki ya 2: vyumba vya vijiti

Hiki ndicho kipindi kilicholipa kuliko vyote, kwa hiyo kinaandikwa kirefu.

Kazi: panga vijiti kufanya vyumba vya mraba vilivyopangana mstari mmoja, kila chumba kikishirikiana ukuta na jirani yake, kama nyumba za mtaa wa mawe. Chumba kimoja kinataka vijiti 4, viwili 7, vitatu 10. Vyumba 10 vinataka vingapi? Vyumba 100?

Vijiti 16 vinatosha vyumba 5 barabara. Cha sita hakijengeki. Mara ya kwanza tuligawa 31, na vikundi vikajenga vyumba 10, vikahesabu kimoja kimoja, vikaandika 31 na kukaa kimya vimeridhika. Hawakuwa na sababu ya kufikiri. Vijiti vikiisha mapema, kichwa kinaanza.

Makosa yaliyojitokeza, kwa mpangilio wa uzito:

Kwanza, n + 3. Linatoka kwenye jedwali. Mwalimu akichora jedwali la 1, 2, 3 juu na 4, 7, 10 chini, macho ya mtoto yanakimbia kutoka 4 kwenda 7 kwenda 10 na kuona "ongeza 3". Kweli inaongezeka 3, lakini huo ni uhusiano wa chumba na chumba kinachofuata, si wa idadi ya vyumba na idadi ya vijiti. Jedwali limeondolewa katika kipindi hiki. Linarudi wiki ya 3.

Pili, kurudufisha. Vyumba 10 ni vijiti 31, basi vyumba 20 ni 62. Jibu ni 61. Usiseme "si sahihi". Sema: "Gundisheni mistari miwili ya vyumba 10. Ukuta wa pale inapokutana, mnao mmoja au miwili?" Wanakiondoa kijiti wenyewe.

Tatu, swali la "ni ngapi?" likitoka kwa mwalimu. Linavuna namba tu. "Umevihesabuje?" ndilo linaloleta aljebra. Na "mmeelewa?" limepigwa marufuku kwa sababu jibu lake linajulikana kabla halijaulizwa: "Ndiyo, mwalimuuu."

Kibao cha kikundi kilicho karibu na dirisha kilikuwa na mchoro wa vyumba vitano. Kijiti cha kwanza kabisa cha kushoto kilikuwa kimezungushiwa duara, na kila chumba baada yake kilikuwa na nukta tatu: juu, chini, kulia. Chini yake: "1, halafu 3 3 3 3 3". Hapakuwa na herufi hata moja, na bado ile ni 1 + 3n tayari. Kilichobaki kwa mwalimu ni kuwaambia jinsi watu wanavyokubaliana kuiandika.

Njia nne hujitokeza, na mwalimu azijue kabla hajaingia:

1 + 3n: ukuta wa kwanza, kisha vitatu kila chumba.
4 + 3(n − 1): chumba cha kwanza kizima, kisha vitatu kwa vilivyobaki.
n + n + (n + 1): vya juu, vya chini, vilivyosimama.
4n − (n − 1): kila chumba vinne, toa kuta za pamoja zilizohesabiwa mara mbili.

Ya nne haikuja yenyewe. Ikikosekana, mwalimu aichore kama "kazi ya kikundi cha darasa jingine" na aulize walihesabuje.

Kulinganisha vibao ndiko kunakopoteza muda. Vibao 12 kwa dakika moja na nusu kila kimoja ni dakika 18, na wanaosikiliza huacha kusikiliza kwenye cha tatu. Sasa mwalimu anazunguka katika zile dakika 8 na kuandika 1, 2 au 3 kwenye kona ya vibao vitatu tu. Hivyo vitatu ndivyo vinavyoinuliwa, kwa mpangilio huo, kutoka kilichohesabu kwa maneno hadi kilichotumia herufi. Wengine wanaulizwa jambo moja: njia yenu inafanana na ipi?

Kisha tuliweka n = 5 katika njia zote nne. Zote 16. Swali likawa lenyewe ubaoni: inakuwaje semi nne zisizofanana zitoe jibu moja? Kufungua mabano na kukusanya herufi zinazofanana kulifundishwa kesho yake kwa maelezo ya moja kwa moja, dakika 12, bila ugunduzi wowote, na kulipokelewa kama jibu la swali ambalo tayari wanalo. Kipindi kimoja cha vijiti kimetupunguzia kipindi kizima cha kubishana kwamba 4 + 3n − 3 si 4n.

Wiki ya 3: korja, na pale ugunduzi ulipotushinda

Miti ya mikoko Lamu huhesabiwa kwa korja, na korja moja ni 20. Fito ndizo nyembamba, kisha pau, mazio, boriti na nguzo kadiri unene unavyozidi. Ilionekana ni mfano uliotayarishwa na mji wenyewe.

Kazi: K ni idadi ya korja, F ni idadi ya fito. Andika mlinganyo unaoziunganisha.

Vibao vingi viliandika K = 20F, kwa kujiamini kabisa. Walijadiliana dakika 8, wakakubaliana, na kukubaliana kwao kulikuwa kosa tupu. Sahihi ni F = 20K.

Sababu iko kwenye sentensi. "Korja moja ni fito ishirini." Ifuate neno kwa neno: korja, ni, ishirini, fito. K = 20F. Herufi imegeuka kifupi cha jina la kitu, wakati ilipaswa kuwa namba. Ndilo kosa lilelile la vitabu vinavyosema 3m + 2n ni maembe matatu na ndizi mbili. Mfano huo unafundishika kwa dakika moja na unagharimu mwaka mzima, kwa sababu mtoto akikutana na 3m ambapo m ni *bei* ya embe, hana pa kuiweka.

Tofauti na wiki ya 2 ni hii. Vijiti vilimkatalia mtoto aliyekosea: ukisema 62, vipange uone kimoja kimezidi. Kwenye korja hakuna kitu mezani kinachosema hapana. Ugunduzi usio na wa kukataa ni kura tu, na kwenye kura mwenye sauti kubwa hushinda. Tangu hapo kila kazi iliyo upande wa kulia wa daftari inaulizwa kwanza: mtoto akikosea, atajuaje bila mwalimu? Kazi isiyo na jibu la swali hilo inahamishiwa kushoto.

Marekebisho yaliyofanyika siku iliyofuata yalitumia dakika 9. Kila kibao kianze na sentensi nzima: "K ni idadi ya korja." Kisha jedwali la namba kabla ya mlinganyo: korja 1, fito 20, korja 3, fito 60, korja 10, fito 200. Ndipo mlinganyo, na mstari mmoja wa lazima wa kujaribu: weka 3 kwenye K na 60 kwenye F. K = 20F inadai 3 ni sawa na 1200. Sasa namba zinakataa, kazi iliyofanywa na vijiti wiki iliyopita.

Kwa wiki mbili zinazofuata herufi haitakuwa ya kwanza ya jina la kitu. Idadi ya fito itakuwa y, idadi ya korja itakuwa x.

Wiki ya 4: mabano yenye alama ya kutoa

Fupi. Jozi ya leso ni shilingi 650, muuzaji amepunguza 50, umempa noti ya 1000. Chenji? 400, wanasema kabla hujamaliza. Andika 1000 − (650 − 50). Halafu waachie dakika 5 na vibao viwili vya kuchagua: 1000 − 650 − 50, ambayo ni 300, na 1000 − 650 + 50, ambayo ni 400. Hapa anayekataa ni mnunuzi: hakuna mtoto wa Lamu atakayekubali chenji ya 300. Kazi hii inabaki kulia.

Kipindi cha Alhamisi kilibaki dakika 25. Mgao wa dharura: vikundi 6, kibao kimoja tu 3, maelezo 6, zoezi 8, kijikaratasi 2. Maelezo ya mwalimu hayakatwi chini ya dakika 6 hata iweje. Jambo lililogunduliwa nusu na kuachwa bila kufungwa linakwenda nyumbani likiwa kosa, na linarudi kesho likiwa limeota mizizi. Ikiwa lazima swali libaki wazi, linaandikwa kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani. Wanafunzi wanaiita karatasi ya deni.

Wiki ya 5: milinganyo

Swali la kuingilia: 8 + 4 = ☐ + 5. Wanaoandika 12 wanaisoma alama ya sawasawa kama amri ya "toa jibu". Jibu ni 7. Usiendelee na milinganyo kabla hili halijakaa sawa.

3x + 4 = 19 haihitaji kufundishwa. Ipe sura ya namba iliyofichwa, "nimeizidisha kwa 3, nikaongeza 4, nimepata 19", nao wanarudi kinyumenyume: 15, kisha 5. Dakika 4.

Kinachotakiwa ni mlinganyo unaoivunja njia hiyo. Tulianza na 5x + 2 = 3x + 10, na haukuvunja chochote; walikisia 4 wakapata. Namba nzima ndogo ni adui wa somo hili. Badilisha 10 iwe 11. Sasa 4 inatoa 22 na 23, 5 inatoa 27 na 26. Kushoto kulikuwa chini, ghafla kumekuwa juu. Jibu limejificha katikati na kukisia kumefika ukingoni. Hapo ndipo mizani inachorwa: pakiti 5 na mawe 2 upande huu, pakiti 3 na mawe 11 upande ule, pakiti zote zina uzito mmoja. Ondoa pakiti 3 kila upande. 2x + 2 = 11, 2x = 9, x = 4.5.

Chora mizani, usiitengeneze. Mizani ya hanga na vikopo ilichukua dakika 20 kusawazisha na feni ya darasani ikaivuruga.

Mizani ina mwisho wake: 3x − 4 = 11. Hakuna mawe pungufu ya kuweka kwenye sahani. Iache hapo hapo, usiilazimishe kwa mapulizo ya kuinua sahani juu. Jina la somo lenyewe linasaidia: *al-jabr* ni kurejesha kilichopungua, kuongeza 4 kila upande, na *al-muqabala* ni kuondoa kinachofanana pande zote mbili, kama zile pakiti 3.

Wanaotoka kwenye masomo ya ziada wanakuja na "hamisha ng'ambo, badilisha alama". Kanuni hiyo inaenda kasi hadi ifike 3x = 12, ambapo baadhi wanavusha 3 na kuandika x = 12 − 3. Haikatazwi. Inadaiwa mstari mmoja zaidi: andika ulichofanya kila upande. Akijaribu kuandika "toa 3 kila upande" anabaki na 3x − 3, na anaona mwenyewe kwamba x haijabaki peke yake.

Wiki ya 6: hesabu ya vifaa na deni

Vijikaratasi vya kutokea, robo ya ukurasa wa daftari, vinapangwa mafungu matatu: amepata, amekosa hesabu, amekosa wazo. Dakika 6 kwa vyote 36. Fungu la tatu pekee ndilo linaloamua swali la kuingilia la kesho. Fungu la pili linangoja zoezi.

Vibao 12 vizima. Vijiti 14 vimepotea, chelewa zipo.

Karatasi ya deni ina swali moja lililobaki, limetoka kwa wanafunzi wa dawati la nyuma waliokuwa wakitungiana milinganyo: 2x + 3 = 2x + 8. Wameondoa 2x kila upande na wamebaki na 3 = 8. Jumatatu, kipindi cha kwanza, dakika 8. Vijiti havihitajiki.